Mtoto amesema mara moja, sasa amenyamaza: nimuulizeje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi hapa Tanzania. Jana mwanafunzi wa miaka 9 alininong'oneza kuwa Jumamosi baba mwenye nyumba wao "alimfanyia tabia mbaya". Nilipomwita tena alinyamaza. Mbele ya mwalimu mkuu akacheka, akasema ilikuwa "juzi". Mwalimu mkuu anataka maelezo yaliyonyooka kabla hatujaripoti. Nimuulizeje aseme yote?

Jibu: Mwalimu, msimuulize tena. Alichokwambia jana kinatosha kuripoti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haimtaki awe ameshathibitisha. Kuchunguza ni kazi ya Dawati la Jinsia na Watoto polisi, pamoja na afisa ustawi wa jamii.

Kile kicheko kisiwapoteze. Mtoto aliyejaa hofu huganda, husinzia, wengine hucheka. Na siku kwa umri ule humchanganya. Hukumbuka zaidi kilichokuwa kinaendelea, kwamba mama alikuwa sokoni au yeye alitoka madrasa. Kila akiulizwa upya hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, analigeuza amridhishe mkubwa. Hayo mageuzi ndiyo wakili wa utetezi atakayoyashika mahakamani.

Andika leo, ungali unakumbuka: tarehe, saa, mlikuwa wapi, ulimuuliza nini, naye alijibu kwa maneno gani. Amesema "tabia mbaya", andika "tabia mbaya". Ukiandika "alibakwa", neno ni lako, si lake.

Akianza kusema mwenyewe, kaa kando yake, si ng'ambo ya meza, wala usimzibie mlango. "Niambie ilivyokuwa." "Halafu ikawaje?" "Umesema tabia mbaya. Nieleze hiyo tabia mbaya." Basi. "Alikushika hapa?" linampa jibu, na watoto wetu tumewazoesha kumwitikia mkubwa ndiyo. "Kwa nini hukupiga kelele?" ni lawama, hata uliulize kwa upole kiasi gani. Akikuomba iwe siri, usiahidi; mwambie utawaeleza wale tu wanaoweza kumlinda.

Haraka iliyopo ni ya hospitali. Ikiwa alikutana na majimaji ya mwili ya mtu huyo, dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Tangu Jumamosi saa hizo zinahesabika, na kama kilichotokea hakijulikani, daktari ndiye wa kuamua, si shule. Kama bado hajaoga, asiogeshwe, na nguo alizovaa zisifuliwe: kila nguo iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na ushahidi huharibika. PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hutolewa polisi, ila kuisubiri kusimcheleweshe kutibiwa. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono ni bora zaidi, maana daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja, naye hazungushwi. Mkikwama, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Jambo moja hukulitaja: mwenye nyumba huenda anaishi ua huohuo. Afisa ustawi alisikie hilo kwanza, kabla ya kengele ya kutoka, ili ijulikane mtoto analala wapi leo. Na mama aitwe kwa simu yake mwenyewe, si kwa ujumbe wa kuachwa pale nyumbani.