Fizikia inakukwamisha kusoma unesi? Tafuta maabara kabla ya mwalimu

Kila mwisho wa Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) wakishatoa matokeo ya kidato cha nne, meseji zinaanza kuingia kwenye simu yangu, na nyingi zinafanana: "Dada, nina C ya Baiolojia na D ya Kemia, Fizikia sina. Unesi nitasoma?" Kwa mwaka huu, hapana. Kwa mwaka unaofuata inawezekana kabisa, ila uamuzi ufanye sasa hivi, usingoje Juni.

Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa kuanzia D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu tu. Mimi cheti changu hakikuwa hata na F ya Fizikia, somo lenyewe halikuwepo. Shule yetu ya kata haikuwa na mwalimu wa Fizikia, kwa hiyo tulipofika kidato cha tatu na kuambiwa tuchague, karibu darasa zima likaenda masomo ya sanaa, wachache tukabaki na Kemia na Baiolojia. Nikamaliza, nikaenda kuuza duka la vipodozi, na huko ndiko nilikoanza kuuliza habari za unesi.

Mtaani utapewa ushauri wa kila aina. Wapo watakaokuambia uanze na QT, yaani mtihani wa maarifa. Achana nao, QT ni ya mtu ambaye hakupitia kidato cha nne. Wewe una namba ya mtihani tayari, unajisajili moja kwa moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani PC, hata kwa somo moja tu. Wapo pia wa hatari zaidi: vyuo vinavyokuambia "lipa ada uanze, Fizikia utarisiti ukiwa ndani", yaani mtihani utaurudia huku unasoma. Rafiki yangu alilipa kwenye chuo cha namna hiyo. Alishona sare, akahudhuria, akafanya hadi majaribio ya darasani, na ulipofika wakati wa kusajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, jina lake halikupita, na ada haikurudi. Mwongozo wa udahili wa NACTVET unapatikana bure mtandaoni, na kila chuo na kila kozi imeandikwa humo pamoja na sifa zake. Msomee mama au mjomba anayekulipia, ili siku mwenye chuo akipiga simu nyumbani na maneno yake matamu, akute mnajua.

Sasa tuje kwenye kurisiti kwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoanza na mguu usio sahihi. Wanatafuta tuisheni. Tuisheni zipo kila kona, hiyo haina shida. Kinachoadimika ni kituo cha mtihani chenye maabara. Vituo vingi vya PC vinapokea watu wa Kiswahili, Uraia na Historia, ukitaja Fizikia mkuu wa kituo anakuna kichwa, maana Fizikia ina karatasi ya vitendo, na vitendo vinataka vifaa na fundi wa maabara. Mimi nilizungushwa na vituo kadhaa ndipo nikapata sekondari moja iliyokubali. Na muda haukusubiri: usajili wa PC unafanyika Januari na Februari, ukipita hapo unaingia kwenye faini, halafu unafungwa hadi mwaka ujao. Mtu aliyepata matokeo mwishoni mwa Januari ana wiki chache tu za kutafuta kituo. Ndiyo maana nasema maabara kwanza, mwalimu baadaye. Ukifika kituoni usiulize tu "mnasajili PC?" Uliza kama mwaka jana walikuwa na watahiniwa wa kujitegemea wa Fizikia, na kama utaruhusiwa kuingia maabara kabla ya Novemba.

Mbona nashikilia sana vitendo? Kwa sababu ya hesabu. Karatasi ya nadharia ina alama 100, ya vitendo ina 50. Jumla 150, na D inaanzia asilimia 30, yaani alama 45 hivi. Mwanafunzi wa shuleni ana alama zake za maendeleo zinazombeba kidogo, PC hana, anasimama na mtihani peke yake. Lakini PC aliyefanya mazoezi ya maabara akapata 30 kati ya zile 50, nadharia anahitaji 15 tu ili avuke. Kumi na tano kwa mia! Mtu aliyekimbia vitendo anapambana na umeme na mawimbi kwenye makaratasi huku ameacha alama za wazi mezani.

Na maswali ya vitendo hayabadiliki sana sura. Mekanika, halafu mwanga au umeme. Zoezi la pendulamu unaweza kulianza chumbani kwako leo. Chukua uzi wa kushonea, funga nati nzito ya baiskeli, ning'iniza kwenye msumari. Pima kutoka msumari hadi katikati ya nati: sentimita 100. Ivute pembeni kidogo tu, iachie, halafu kwa saa ya simu hesabu ikienda na kurudi mara 20. Utapata kama sekunde 40. Fupisha uzi hadi sentimita 25, rudia: utapata kama sekunde 20. Urefu umepungua mara nne, muda umepungua mara mbili tu. Ukishaliona hilo kwa macho yako, hakuna atakayehitaji kukukaririsha kwa nini swali linakutaka uchore grafu ya muda uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya urefu, na kwa nini mstari unanyooka. Makosa ya pale ni madogo lakini yanakula alama: kuanza kuhesabu "moja" wakati unaachia nati badala ya "sifuri", kusahau vipimo kwenye vichwa vya jedwali, grafu isiyo na kichwa, skeli ya ajabu ajabu, kutafuta slopu (mteremko wa mstari) kwa nukta mbili zilizobanana. Mwalimu aliyenisaidia alikuwa akinirudishia grafu bila kuisoma kama haina kichwa. Wakati ule nilimwona mkorofi.

Mwanga na umeme huwezi kufanyia chumbani vizuri, hapo ndipo ile ruhusa ya maabara inapolipa. Omba uungane na kidato cha nne wakati wa moko, ule mtihani wa majaribio, au wanapojiandaa Septemba na Oktoba. Nenda na barua ya adabu kwa mkuu wa shule, na usiende mikono mitupu kwa fundi wa maabara. Simaanishi rushwa, namaanisha ujitolee kuosha vyombo na kupanga meza. Utajifunza zaidi ukipanga betri na waya za watu wengine kuliko kwenye daftari lako.

Kwa nadharia, vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Kitu ambacho PC wengi hawakijui ni kwamba NECTA huweka kwenye tovuti yao taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Unaona swali, unaona jibu zuri la mtahiniwa na jibu bovu kwa mwandiko wao wenyewe, na maelezo ya kwa nini huyu alikosa. Mimi nilizisoma dukani, kati ya mteja na mteja.

D isikulevye, lakini. Inakuruhusu kuomba, haikuhakikishii nafasi, na vyuo vya serikali vinagombaniwa na wenye C na B. Kama Kemia yako nayo ni D dhaifu na una uwezo wa kulipia masomo mawili, zirisiti pamoja.

Jambo la mwisho ni la karatasi tu, ila limewaumiza watu. Ukiomba chuo utatumia namba mbili za mtihani, ile ya shule inayoanza na S na ya PC inayoanza na P, na matokeo yanaunganishwa. Majina yafanane herufi kwa herufi. Kama kidato cha nne uliandikwa Mwanahawa, usijisajili Mwanaawa. Na kama umeolewa katikati hapo, jina la mume liache kwanza nyumbani mpaka umalize chuo.