Picha za ukumbini zinatoka chenga, vidoti vidoti? Kabla hujanunua bodi mpya ya kamera soma hapa

Juzi kuna mdogo wangu mmoja wa Arusha kanitumia meseji, "Kaka mambo, nina kamera ndogo ya mirolesi, nje picha kali ila nikiingia ukumbini giza na chenga tupu, nimejichanga laki nane, niongezee nichukue bodi kubwa?" Nilicheka mwenyewe kwenye daladala ya Majengo, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka mitatu nyuma, na kidonda hakijapona vizuri, ngoja niwahadithie.

Nilipata kazi ya sendoff hapahapa Moshi. Kamera yangu ilikuwa, na mpaka leo ni, Sony a6300, ile ya 2016, na kilenzi chake cha kuvuta cha milimita 16-50. Saa kumi na moja jioni nje pale mlima umefunguka, bi harusi mtarajiwa kapendeza, picha moto, nikajiona nimemaliza. Tukaingia ndani. Taa za zambarau, mashine ya moshi, MC anapiga kelele, na mimi kuna mtu alishanikaririsha kwamba ISO, yaani namba ya kamera kukuza mwanga, isizidi 1600 chenga zisije, basi nikaifunga hapo kama sheria ya kanisa. Kile kilenzi ukikivuta mpaka 50 apecha, lile tundu la mwanga, inaishia 5.6 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), kamera ikakosa mwanga ikajishushia shata, yaani muda wa kunasa picha, hadi 1/15 ya sekunde, polepole mno kwa mtu anayecheza, na mimi wala siangalii namba.

Ndafu ikawekwa mezani, mbuzi mzima na majani yake mdomoni, wajomba wanacheza, mashangazi vigelegele, nikapiga mfululizo, kwenye kakioo ka nyuma kila kitu safi. Kale kakioo ni kaongo jamani. Saa nane usiku nafungua laptop nakuta mbuzi katoka vizuri mpaka mishipa ya jani unaihesabu, ila binadamu wote wamekuwa mizimu. Yeye ndo alikuwa ametulia peke yake!

Mama wa binti akanitumia voisi WhatsApp, taratibu bila hasira, "Hivi baba, ulikuja kumpiga picha mbuzi au sisi?" Salio langu laki na nusu sikuthubutu kulidai. Familia wakaposti picha za simu, na zilikuwa nzuri kuliko zangu, hiyo ndo iliniuma zaidi.

Sasa dogo, kamera haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Hiyo laki nane irudishe mfukoni, tafuta lenzi ya apecha 1.8, hata ya mkononi. Kutoka 5.6 kwenda 1.8 mwanga unaoingia ni karibu mara kumi, bodi na sensa, ile sehemu inayonasa picha, ni zilezile. Mimi nilianza na 50, lakini kwenye sebule za watu inabana, nimewahi kurudi nyuma mpaka nikakalia ndoo ya mbege, kwa hiyo kama unapiga sana majumbani chukua 35 au 30. Halafu ISO panda. 3200 panda, 6400 panda, usiogope. Chenga zinapunguzwa kwenye kompyuta, na hakuna mama anayekuza picha kutafuta chenga, anatafuta sura yake. Sura iliyotikisika hairudi hata ulie. Panda ISO bwana.

Shata mimi siku hizi naiweka 1/100 ukumbini. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za LED za bei chee zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukienda kasi zaidi, hasa ukiwasha ile shata ya kimyakimya, unapata mistari kwenye picha. Niliwasha ya kimya kanisani ili padre asigeuke, picha nzima ikawa kama pundamilia. Flashi ya kugongesha juu nayo angalia dari kwanza, kama wamepamba vitambaa vya pinki watu wote watatoka kama wamemwagiwa juisi ya rozela. Na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, rangi utarekebisha baadaye, japo zambarau ikishamjaa mtu usoni hata RAW haimwokoi.

Dawa ya zambarau ni kuwahi. Fika mapema, msalimie jamaa wa taa, mwombe ndafu na keki vikiingia awashe nyeupe dakika mbili tu. Soda moja inatosha. Ila nyie vijana hamtaki kusalimia watu, mnataka vifaa, mnakopa mpaka kwenye simu mnunue bodi ya milioni nne halafu mnasimama kulekule gizani na mikono ileile inayotetemeka, na kiburi juu, huo ni ujinga na nausema kwa sababu nimeuishi. Mwanga uko kwa watu, kaongee nao!

Jumamosi iliyopita yule mama kanipigia mwenyewe, sendoff ya binti wa pili. Kamera ileile. 35 mkononi, apecha 2, shata 1/100, ISO 3200, jamaa wa taa kawasha nyeupe, ndafu ikaingia, nikamsubiri mama anyooshe mkono kulishwa kile kipande cha kwanza. Asubuhi nakuta kaiweka dipii, mdomo wazi, macho yanang'aa, mbuzi kwa nyuma kafifia hata humtambui. Kanilipa yote siku hiyohiyo. Ile laki na nusu ya mwanzo hajaitaja, na mimi nimenyamaza.