Hita ya gesi ya kuogea: maswali yenu, na onyo nitakalolirudia kila msimu wa baridi

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Limuru, Nakuru, Arusha na Njombe, maswali ya hita za gesi huanza kumiminika: zile za ukutani zinazochemsha maji papo hapo ukifungua bomba. Nimechagua machache. Wengi wenu mmeandika "hita imekufa, nisaidie" bila kusema kama inabofya, kama inatoa moto, wala imefungwa wapi. Swali la namna hiyo siwezi kulijibu.

Swali: Nikifungua maji nasikia tik-tik-tik lakini moto hauwaki. Betri ni mpya. (Ruaka)

Jibu: Cheche ipo, kinachokosekana ni gesi. Valvu ya mtungi iko wazi? Mtungi una gesi kweli, au umeutikisa tu ukaridhika? Uweke kwenye mizani, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe. Kama umebadilisha mtungi leo, mpira umejaa hewa; fungua na kufunga maji mara kadhaa mpaka gesi ifike.

Swali: Yangu haibofyi kabisa. (Nakuru)

Jibu: Betri. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Swali: Nimebadilisha betri na bado kimya. Ajabu ni kwamba bomba la sinki likifunguliwa inawaka, shawa ikifunguliwa haiwaki. (Njombe)

Jibu: Hita yako ni nzima, maji ndiyo yanakuja kwa unyonge. Ndani yake kuna swichi inayosukumwa na mwendo wa maji, na mwendo ukiwa mdogo haifungulii gesi. Hiyo ni kinga, maana moto ukiwaka pasipo maji ya kutosha ungeunguza mabomba ya shaba. Hita nyingi zinataka presha ya bar 0.2 au zaidi kidogo, na kila mita moja ya kimo cha tangi juu ya shawa inakupa bar 0.1 tu. Ukiwa na tangi lililokalia dari ya nyumba ya chini, hesabu imekataa kabla fundi hajafika. Anza na kisicho na gharama: fungua kichwa cha shawa usafishe matundu, kisha funga maji na utoe kichujio kidogo kilicho kwenye mlango wa maji baridi wa hita. Mara nyingi utakuta mchanga. Isipotosha, inua tangi au weka pampu ndogo. Na usikubali fundi akuondolee hiyo swichi au akaunganisha nyaya zake moja kwa moja. Anayefanya hivyo amekuondolea kinga, si ugonjwa.

Swali: Maji ni ya moto mno mchana, vuguvugu alfajiri. (Arusha)

Jibu: Kuna kitufe cha msimu wa joto na cha baridi. Kigeuze.

Swali: Fundi anasema nifunge regulata ya presha kubwa, ile ya majiko ya hotelini, ili maji yawe moto zaidi. (Nakuru)

Jibu: Mwambie hapana. Soma lebo ya hita: nyingi zimeundwa kwa presha ya takriban kilopaskali 2.8, yaani ile ya regulata ya kawaida ya nyumbani. Ukizidisha, moto unapanda hadi kwenye mapezi ya shaba yanayopasha maji, gesi haiungui sawasawa, na viungio vya mpira vinaanza kuvuja. Kama maji hayapati moto, angalia mtungi wako kwanza. Hita ya lita 6 kwa dakika ikiwaka kwa nguvu zote hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 uliobaki robo, asubuhi ya baridi, hauwezi kugeuza gesi iliyo katika hali ya kimiminika kuwa mvuke kwa kasi hiyo. Utauona umetoa jasho au umeganda barafu kwa nje. Tumia wa kilo 13. Wala msiumwagie mtungi maji yanayochemka, nimeshaandika hili mara nyingi.

Swali: Ikiwaka inapiga "puu!" na moto unatoka kidogo mbele. Mke wangu anaogopa. (Limuru)

Jibu: Ana haki ya kuogopa. Gesi inajikusanya kabla cheche haijaishika. Huenda betri zimechoka, ncha ya cheche imesogea au vichomeo vimejaa vumbi. Funga mtungi leo, usiitumie mpaka isafishwe. Moto wa njano na masizi pia ni sababu ya kuizima. Moto salama ni wa buluu.

Swali: Hita iko ndani ya bafu, juu ya mlango. Inazima katikati ya kuoga, na binti yangu akitoka hulalamika kichwa na kichefuchefu. Nibadilishe kifaa gani? (Ruaka)

Jibu: Mama, usibadilishe kifaa. Mtu yeyote asioge tena na hita hiyo.

Kuzima peke yake kunaweza kuwa jambo dogo. Hita nyingi zina saa inayokata moto baada ya dakika 20 hivi. Lakini kichwa na kichefuchefu cha binti yako ni dalili za kaboni monoksidi. Moto ukiwaka kwenye chumba kidogo kilichofungwa, hewa inapungua na moto unaanza kutoa sumu hiyo. Haina harufu, haina rangi, haiwashi koo. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kulegea, na anapogundua kuna tatizo miguu haimbebi tena kufikia mlango. Harufu ya gesi mnayoitegemea kuwaonya huwekwa kwenye gesi ambayo haijaungua. Haisaidii chochote hapa.

Hita isiyo na bomba la moshi haifungwi bafuni, hata kama kuna kidirisha, kwa sababu siku ya baridi kidirisha hicho ndicho cha kwanza kufungwa. Mahali pake ni ukuta wa nje au baraza lenye upepo, na mabomba ya maji ndiyo yaingie ndani. Mtungi nao ukae nje, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Ukimkuta mtu ameanguka bafuni, fungua mlango, funga gesi, mtoe nje haraka, umpeleke hospitali na useme wazi kwamba alikuwa anaoga kwa hita ya gesi. Kile kipimo cha kubana kidole kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa hali amesumika. Daktari anahitaji kuambiwa.

Swali: Nimenunua kengele ya kugundua gesi inayovuja. Inatosha? (Arusha)

Jibu: Hapana. Hiyo haioni kaboni monoksidi. Nunua iliyoandikwa hivyo.

Swali: Mwenye nyumba amekataa kuhamisha hita kutoka bafuni, anasema wapangaji wote wanaitumia. (Nakuru)

Jibu: Mwandikie ujumbe ubaki na nakala, uwaonyeshe na wapangaji wenzako jibu nililompa mama wa Ruaka. Wakati mnasubiri, chemsha maji jikoni uoge kwa ndoo.