Panya akipoa, tau hubadilika

Wewe uliyeingia maabara juzi ukakabidhiwa tau, pole na hongera. Protini hii huvishikilia vijibomba vya tubulini ndani ya aksoni (uzi mrefu wa seli ya neva), kama kamba inavyoshika fito za nyumba ya udongo. Vimeng'enya viitwavyo kinasi, hasa GSK-3β na CDK5, huibandika fosfati, na kamba ikalegea. Fosfatasi, mkubwa wao PP2A, huzibandua. Tau ndefu ya ubongo wa binadamu ina asidi amino 441, na 85 kati ya hizo zinaweza kubandikwa fosfati. Kwa hiyo ukisema tu "tau ina fosfati nyingi", utaulizwa: wapi?

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye western blot (protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha huguswa na kingamwili), nilipata mstari mnene ajabu wa AT8, kingamwili inayotambua fosfati kwenye serini 202 na threonini 205. Panya waliopewa dawa waling'aa, wenzao hawakuonekana kabisa. Nilitembea wiki nzima kifua mbele. Kisha mwenzangu akaniuliza swali moja: "Hao panya walikuwa na joto gani?"

Sikujua. Wale wa dawa niliwapiga sindano ya usingizi na kuwalaza juu ya meza ya chuma. Wale wa kulinganishia niliwatoa moja kwa moja kwenye tundu. Panya aliyelala usingizi wa dawa hupoa upesi, na mwili ukipoa PP2A hupunguza kasi kuliko kinasi, hivyo fosfati hurundikana. Nilirudia kazi, makundi yote mawili yakiwa yamelazwa juu ya mkeka wa joto. Tofauti ikayeyuka, na dawa "yangu" nayo ikaenda na maji.

Mnyama akishakufa, mambo hugeuka: fosfatasi huendelea kubandua. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba kipande cha ubongo wenye afya, kikichukuliwa kwenye upasuaji, kina tau yenye fosfati kwenye sehemu nyingi zilizodhaniwa kuwa alama ya ugonjwa wa Alzheimer tu. Ubongo wa maiti ulikuwa umeshazipoteza. Basi toa ubongo haraka, gandisha papo hapo, na uusage kwenye bafa (mmumunyo wa kuhifadhi sampuli) yenye floridi ya sodiamu na vizuizi vingine vya fosfatasi. Vizuizi vya protiasi, vimeng'enya vinavyokata protini, peke yake havitoshi, ingawa chupa zinafanana na wageni huzichanganya kila mwaka.

Utando, unapouziba ili kingamwili isinate ovyo, usiuzibe kwa maziwa ya unga bila kufikiri. Kaseini, protini ya maziwa, yenyewe imejaa fosfati. Mimi hutumia albumini ya ng'ombe. Tau ile ndefu ina uzito wa takriban kilodaltoni 46 lakini kwenye jeli hukaa juu zaidi, usishtuke. Pima pia tau yote, si ile yenye fosfati pekee.

Na sampuli moja igawe mara mbili, nusu uitie fosfatasi ya lambda. Mstari wa AT8 usipopotea kwenye nusu hiyo, kingamwili yako inashika kitu kingine.