Kabla Hujaambiwa Bodi Imekufa, Ifungue Mwenyewe

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya isha, kompyuta ya madrasa ililia mlio mmoja mfupi juu ya meza yangu, na machozi yakanitoka. Mlio mmoja mfupi kwenye mashine nyingi za zamani maana yake ni kwamba imejikagua na kujikuta nzima. Walimu wawili walikuwa wameshaiandikia tanzia. Mimi nilikaa nayo siku tatu, bisibisi moja, raba ya penseli na betri ya shilingi mia.

Lakini siwezi kueleza kwa nini nililia bila kurudi nyuma hadi 2016.

Ninaishi Langoni, hapa Lamu, na riziki yangu imetoka kwenye kompyuta kwa miaka mingi: barua, kadi za harusi, ratiba za Maulidi, fomu za wanafunzi. Mwaka huo mashine yangu ya kwanza ilianza ukaidi. Unabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa ya kijani inawaka, monita inabaki nyeusi. Hakuna aliyenambia nifanye nini. Nikaifunga kwa leso mbili, ikapanda punda hadi gatini, boti hadi Mokowe, kisha basi la Malindi, nimeipakata kama mtoto mwenye homa.

Fundi niliyeelekezwa alikaa nayo siku mbili. Niliporudi akasema, "Dadangu, bodi imekufa. Niachie nikupe elfu mbili, nitoe vipuri." Nikamuuliza bodi, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote, imekufa vipi, nini hasa kilichoungua. Akamgeukia mwenzake na kucheka: "Siku hizi nao wanataka kujua bodi." Niliona haya, nikapokea elfu mbili, nikaondoka.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Malindi kumwangalia khalati, dada wa mama, aliyekuwa mgonjwa, nikapita mbele ya duka lile. Mashine yangu ilikuwa juu ya meza, inafanya kazi. Niliijua kwa doa la hina nililolitia pembeni mwa swichi ili watoto wajue pa kubonyeza. Nilipouliza niliambiwa kompyuta zinafanana. Ndani yake mlikuwa na kazi za wateja za miaka mitano, na mlikuwa na nasaba ya ukoo wetu niliyoichapa kutoka kinywani mwa bibi yangu, usiku baada ya usiku, na bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ile nasaba haikurudi mpaka leo. Nusu yake naikumbuka, nusu haiko.

Bisibisi yangu ya kwanza niliinunua siku hiyo hiyo, kabla sijapanda basi la kurudi.

Sasa tuje kwenye mashine ya madrasa. Ni ya zamani, ina kichakataji, yaani ubongo wa mashine, cha Core 2 Duo na Windows 7. Mwalimu alikuja mlangoni akasema, "Mwanangu, njoo utazame. Nimeambiwa hadi diski imekufa, yatiwe mambo mapya." Kutia mambo mapya ni kufuta kila kitu. Ndani mna majina na alama za watoto wa miaka saba. Nikamwambia asimruhusu mtu yeyote aiguse.

Dalili zake zilikuwa mbili zilizochanganyika, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Mara nyingi monita ilibaki nyeusi. Mara moja moja picha ilikuja, saa ikasoma tarehe ya miaka mingi nyuma, nembo ya Windows ikaanza, kisha skrini ya buluu ikapita haraka na mashine ikajizima na kuanza upya. Aliyeiona skrini ya buluu akasema diski. Aliyeiona monita nyeusi akasema bodi. Hakuna aliyeifungua.

Nilichomoa waya wa stima, nikabonyeza swichi sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha, nikafungua ubavu. Ndugu zangu, sisi tunaokaa kwenye nyumba za mawe na chokaa hatujui tunachokipulizia mashine zetu. Chokaa ya dari ilikuwa imelala juu ya bodi kama unga wa ngano. Karibu na feni palikuwa na mayai mawili ya mjusi. Na juu ya kila chuma kilichokuwa wazi, ule ukungu wa chumvi unaoletwa na upepo wa kusi, unaokula bawaba za madirisha yetu na kugeuza shaba kuwa kijani. Upepo ule ule hauiachi kompyuta kwa kuwa ni kompyuta.

Nilisafisha kwa brashi laini ya rangi, kavu. Kisha nikatoa ramu zote mbili, vile vijiti vya kumbukumbu ya muda. Hapa nataka unisikilize, kwa sababu jambo hili lingeniokolea nasaba ya bibi yangu. Ukiitoa ramu yote ukawasha, mashine yenye spika ndogo ya ndani inatakiwa ilalamike kwa milio ya kurudiarudia. Ikilalamika, bodi iko hai na kichakataji kiko hai, maana maiti halalamiki. Ya madrasa ililalamika kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Kwa hiyo yule aliyesema bodi imekufa alikosea, na jibu nililipata kwa dakika tano.

Meno ya ramu, ile mistari ya dhahabu chini yake, yalikuwa na weusi. Niliyasugua kwa raba ya penseli taratibu, pande zote mbili, nikapangusa makombo, nikairudisha moja tu mpaka vibano vikajifunga vyenyewe kwa mlio. Ikawaka. Ile ya pili ikawaka pia kwenye sloti ya kwanza, ikagoma kwenye sloti ya pili. Sloti ile niliipuliza, nikaingiza na kutoa ramu mara kadhaa ili meno yasuguane, ikakubali. Siku ya kwanza iliishia hapo.

Pawa saplai, lile sanduku linalogawa stima ndani ya mashine, niliipima kwa mita kwenye plagi ya diski: waya wa manjano ulisoma volti 11.9 na mwekundu volti 5. Manjano inatakiwa 12, na ikicheza kati ya 11.4 na 12.6 hakuna ubaya. Lakini lile sanduku la pawa saplai lenyewe usilifungue. Kapasita zake, vipande vya kuhifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, na umeme huo unaweza kukuua. Likiharibika, badilisha lote. Na kama lako lina kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230, kiwe kwenye 230 daima. Stima ya Kenya ni volti 240, na nimeshaona mtoto akikisogeza kwa udadisi tu, mlipuko ukasikika hadi barazani.

Bado skrini ya buluu. Hii ndiyo iliyonichukua siku mbili, na hii ndiyo ninayojivunia. Nilibonyeza F8 mashine ilipoanza, nikachagua isijianzishe upya inapokwama, ili niisome skrini ile. Iliandika 0x0000007B. Maana yake Windows imeanza kusoma, kisha haikuweza kulifikia lile diski inalokaa ndani yake. Mtu atasema basi diski limekufa. Lakini diski lilikuwa likizunguka bila kugonga, na BIOS, programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows, ililitaja kwa jina na ukubwa wake. Diski lililokufa kabisa kwa kawaida halijitaji.

Nikarudi kwenye ile tarehe ya zamani. Karibu kila kompyuta ya mezani ina betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Betri hii ndiyo inayoikumbusha saa na mipangilio mashine ikichomolewa stima. Ya madrasa ilisoma volti 1.4. Ilipokufa, mashine ikasahau mipangilio yake yote na kurudi kwenye ile ya kiwandani, na katika mipangilio hiyo diski husomwa kwa njia ya zamani iitwayo IDE. Windows ya madrasa ilikuwa imewekwa kwa njia mpya zaidi iitwayo AHCI. Mlango ule ule, ufunguo mwingine. Niliweka betri mpya, nikaingia BIOS kwa F2, nikarekebisha saa, nikarudisha AHCI, nikahifadhi. Ulikuja mlio mmoja mfupi, kisha majina ya watoto yote yakaja, darasa kwa darasa.

Kabla ya kufanya chochote kingine nilinakili kila kitu kwenye flashi mbili. Moja ya mwalimu, moja kabatini kwangu.

Nakusihi wewe unayesoma, hasa wewe dada ambaye umewahi kuchekwa mbele ya meza ya fundi: uliza. Uliza nini kimeungua, uonyeshwe. Kapasita iliyokufa mara nyingi huvimba kichwa, unaiona kwa macho. Mtu asiyeweza kukuonyesha hajui, au anajua na hataki ujue. Usiache mashine bila kutoa diski lako, ni skrubu nne tu na nyaya mbili. Fungua kasha lako walau kabla ya kusi na baada ya kusi. Stima ikikatika, chomoa, kwa sababu inaporudi huja na kishindo. Nakili kazi zako. Nakili kazi zako, nasema tena, na usingoje mpaka bibi yako awe hayupo wa kukusimulia upya.

Na madrasa nimewaambia wasiiunganishe na intaneti mashine ile. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya kuandikia alama za watoto haihitaji kwenda popote.

Wako wanaonitumia ujumbe "kompyuta haiwaki, nisaidie" kisha wananyamaza. Ninataka kusaidia. Niandikie hivi: feni zinazunguka au hazizunguki, imelia mara ngapi na kwa urefu gani, saa inasoma tarehe gani, na ukitoa ramu zote inasemaje. Nitakujibu usiku, nikishafunga duka.