Maswali na majibu: Tumbo likikubadilisha tabia

Wiki hii nimekusanya maswali ya matumbo tu, maana yamekuwa mengi mpaka nikawa naona aibu kuyaruka. Mi sio daktari, ni mgonjwa mwenzenu, nina IBS (utumbo unauma na choo kinabadilika badilika, ila vipimo havioni kidonda) mwaka wa 14 huu, kwahiyo ya dawa peleka hospitali, ya aibu leta huku.

Nimepima choo, damu, ultrasaundi, mpaka kamera nimemezeshwa, wote wanasema sina kitu. Mume wangu anasema napenda kuumwa, na mimi nimeanza kuona labda kweli. (Mama wa wawili, Mbagala)

Dada yangu, "huna kitu" maana yake hawajaona kidonda wala uvimbe, sio kwamba huumwi. Kamera inaona ngozi ya ndani, haioni utumbo unavyojinyonga wala mishipa ya fahamu inavyopiga kelele. Tumbo lina mishipa yake ya fahamu mamilioni kwa mamilioni, inaongea na ubongo mchana na usiku, na zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye mishipa ya fahamu, inatengenezwa huko huko chini, ndo maana ukiwa na wasiwasi watu wanasema uko tumbo joto na hawakosei. IBS ina vigezo vyake: maumivu angalau siku 1 kwa wiki ndani ya miezi 3 iliyopita, yawe yanaenda pamoja na choo kubadilika, na shida iwe imeanza si chini ya miezi 6 nyuma. Sasa rudi umuulize daktari hilo moja kwa moja, usiulize "nina nini", uliza "hii inaweza kuwa IBS?" Ila ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, homa, damu imepungua, au tumbo linakuamsha usingizini, hapo usikubali kabisa kuambiwa ni stresi.

Na mumeo mpe hii stori. Miaka ya nyuma madaktari walishikilia kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na asidi, basi, daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, akasema hapana kuna bakteria humo, hawakumsikiliza, mwaka 1984 akakoroga wale bakteria akawanywa, tumbo likawaka moto ndani ya siku chache. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Yani daktari mzima na digrii zake ilibidi anywe wadudu ndo aaminiwe, sembuse wewe wa Mbagala.

Zamani nilikuwa MC wa kila shughuli, sa hivi ofisini naitwa bwana maringo. Siendi sendofu, sipandi gari la msiba, nina ugonjwa wa utumbo mwaka wa nne na hakuna anayejua. Nimekuwa mtu mwingine na sijui ilianza lini. (Morogoro)

Kaka, ilianza siku ya kisingizio cha kwanza. Mi changu nakikumbuka. Nilikuwa kwenye basi la Mwanza, tumetoka Dar alfajiri, na mnajua ile konda akitangaza kuchimba dawa, dakika tano, kila mtu na kichaka chake, wanawake huku wanaume kule. Mi dakika tano hazinitoshi, na kichaka kikija mi nakuwa nishamaliza kuteseka au sijaanza. Siku ile niliomba basi lisimame mara tatu. Mara ya tatu konda akasema kwa sauti, "huyu mama kapanda na mzigo wake," basi zima likacheka, na mimi nikacheka, ndo kilichoniuma, kwamba na mimi nilicheka.

Baada ya hapo mama yangu mdogo akafariki Mwanza na mimi sikwenda. Nikasema nina kikao. Nani anakosa msiba wa mama mdogo kwa sababu ya kikao? Mtu mwenye roho mbaya, basi, na ndivyo walivyoniandika. Kipaimara cha mtoto wa dada nikasema gari bovu. Harusi nikasema mtoto anaumwa, mtoto mwenyewe yuko uani anacheza mpira. Visingizio vinajenga mtu kaka. Miaka mitatu ikapita, kwenye ukoo wetu kukawa na mwanamke anayejisikia, mbahili, yuko bize na mambo ya mjini, ana jina langu na sura yangu, na mbaya zaidi nikaanza kuongea kama yeye, nikiitwa kwenye shughuli najibu kwa kisirani kabla hata tumbo halijasema kitu.

Kwahiyo unavyosema umekuwa mtu mwingine mi naona sio ugonjwa wote uliofanya hiyo kazi, nusu umeifanya mwenyewe kwa mdomo. Nilichofanya mimi ni kutafuta watu wawili, dada yangu na mfanyakazi mwenzangu mmoja, nikawaambia sentensi moja tu: "Nina tumbo linaloharibika ghafla, nikiinuka msiniulize naenda wapi." Sikutangazia ukoo. Habari zikasambaa zenyewe, shangazi akasema hilo ni chango, akaniletea mizizi ya kuchemsha, nikapokea kwa mikono miwili nikashukuru na sikuinywa. Wako waliocheka pia, wawepo. Wewe anza na shughuli fupi, kaa karibu na mlango, choo ukijue kabla ya kujua meza ya bwana harusi. Na umwambie mtu mmoja ofisini, sio wote.

Tumbo likianza nawafokea watoto, wanangu wameanza kuniogopa. (Nakuru)

Waambie "leo tumbo la mama bovu, hamjakosea kitu." Hata wa miaka minne anaelewa. Mi wangu siku hizi wanaulizana wenyewe kabla ya kuniomba hela.

Mimi Mhaya, nimeambiwa niache maharage na vitunguu. Sasa ndizi nile na nini, na nyumbani Bukoba nitajibu nini? (Dar)

Hahaha pole sana mdogo wangu, hili swali limenichekesha na limenigusa. Chakula ni kwenu, ukikisukuma sahani watu wanasikia umewasukuma wao, nakuelewa. Lakini cheki vizuri ulichoambiwa. Ile diet iliyotokea Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ya kupunguza vitunguu, maharage, ngano, maziwa, maembe na kadhalika, haikutengenezwa iwe ya maisha, ni wiki 2 mpaka 6, alafu unarudisha kimoja kimoja uone kipi hasa ndo adui yako. Kuna mtu anaacha maziwa tu, mengine yote anakula. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, alafu kula kidogo. Kitunguu kikaange kwenye mafuta vipande vikubwa alafu vitoe vyote kabla hujaweka kitu chenye maji, harufu inabaki na kile kinachosumbua hakiyeyuki kwenye mafuta. Ndizi za kupika wengi wetu hazitusumbui, kwahiyo Uhaya wako uko salama. Usikate vyakula vyote kwa hofu, utakonda, na ukikonda mtaani unajua wataanza kusema una nini.

Nina mfuko wa choo tumboni tangu operesheni ya mwaka jana. Msikiti nimeacha kwa kuogopa unajisi, na kwa mke wangu najiona sio mwanaume. (Tanga)

Kaka yangu, la msikiti lina jibu la zamani sana. Mwenye udhuru wa kudumu anatia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, anasali, hata kama kitu kinatoka. Kamuulize sheikh wako akupe na taratibu ndogo ndogo, ila usijifungie nje ya mlango ambao haujafungwa.

La mkeo, yeye alikuwepo wodini? Kama alikuwepo kashaona kuliko unavyoogopa aone. Mwaga mfuko kabla, vaa singlendi au kitambaa kiunoni kama unataka usionekane, na umuulize yeye, kwasababu hapa mnaogopana wawili na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Dada, ukipewa tumbo zima leo, utarudi kuwa yule wa zamani? (hakuandika anatoka wapi)

Sijui yule kama bado ananingoja, nilimuacha miaka mingi. Ningepanda basi la Mwanza siti ya dirishani katikati kabisa, nikala embe mbili njiani. Ila vyoo vya Dar vyote vya maana ningebaki navijua, hata ufunguo wa kile cha ghorofani Kariakoo unakaa kwa nani.