Mercedes: binti alitangulia, gari likafuata

Swali la wiki liliuliza hivi: mzazi akimwita bintiye Mercedes, amempa jina la mtu au jina la gari? Na kama ni jina la mtu, lina maana gani, na huko lilikotoka bado linapendwa?

Ni jina la mtu, na lilikuwa jina la mtu kwa karne nyingi kabla injini ya petroli haijabuniwa. Asili yake ni Hispania, na maana yake ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kwa kuwa gari ndilo linaloleta utata, tuanze nalo.

Emil Jellinek alikuwa mfanyabiashara wa Austria aliyekuwa akiishi Nice, kusini mwa Ufaransa, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwauzia matajiri magari ya Daimler. Binti yake aliyezaliwa mwaka 1889 aliitwa Mercédès, na baba alilipenda jina hilo kiasi kwamba mwaka 1899 alijiandikisha nalo katika mashindano ya magari ya Nice, kana kwamba ni lake. Aprili 1900 aliagiza kwa mkupuo mmoja magari 36 yenye thamani ya marki za dhahabu 550,000, akakubaliana na kampuni kuwa injini mpya iitwe Daimler-Mercedes. Mhandisi wa Daimler, Wilhelm Maybach, akaisanifu, na Machi 1901 gari hilo likawaacha wenzake mbali kule Nice. Mwaka 1902 jina likasajiliwa kuwa alama ya biashara, na mwaka 1903 Jellinek mwenyewe akabadili jina la ukoo akawa Jellinek-Mercedes. Jina Benz liliungana nalo mwaka 1926 tu, kampuni mbili zilipokuwa moja. Kwa hiyo anayesema mtoto ameitwa jina la gari amegeuza mambo: gari ndilo lililoitwa jina la mtoto.

Huku kwetu jina lilifika likiwa limebandikwa kwenye boneti. Baada ya uhuru gari hilo likawa usafiri wa wakubwa, watu wakawapa wenye nacho jina la kabila, Wabenzi, na tangu hapo Mercedes likisikika mtu huwaza cheo na fedha. Hapo ndipo wazazi wengine husita. Hawana sababu ya kusita, na maana ya jina inaonyesha kwa nini.

Kwa ukamilifu wake jina ni María de las Mercedes. Wahispania wana desturi ya zamani ya kumpa binti jina la Bikira Maria pamoja na sifa yake moja, kisha katika maisha ya kila siku María huachwa na sifa ikabaki peke yake. Ndivyo walivyopatikana Dolores (wa Mateso), Pilar (wa Nguzo, kule Zaragoza), Consuelo (wa Faraja), Rosario (wa Rozari), Soledad (wa Upweke) na Carmen (wa Mlima Karmeli). Tazama kwamba Consuelo na Rosario yanaishia kwa o, herufi ambayo katika Kihispania kwa kawaida ni ya kiume. Ni majina ya kike kwa sababu María yumo ndani, hata asipotamkwa. Mercedes nalo ni neno la wingi, ingawa mwenye jina ni mmoja.

Merced limetoka kwenye neno la Kilatini merces, yaani ujira au malipo. Katika Kilatini cha Wakristo maana ilisogea kutoka malipo ya kazi hadi wema anaotendewa mtu asiyeulipia: fadhili, huruma. Katika Hispania ya zama za kati neno lilipata pia maana mahususi zaidi, nayo ndiyo kiini cha jina hili: kumkomboa mateka. Pwani za Mediterania wakati huo Wakristo na Waislamu walitekana baharini na nchi kavu, na mateka aliyekosa wa kumlipia fidia aliishia utumwani. Mwaka 1218, mjini Barcelona, Pedro Nolasco alianzisha shirika la watawa la Bikira Maria wa Merced, kazi yake ikiwa kukusanya fedha na kwenda kuwanunua mateka wa Kikristo wawe huru. Papa Gregori wa Tisa alilithibitisha mwaka 1235. Juu ya nadhiri tatu za kawaida za watawa, yaani ufukara, useja na utii, Wamercedari waliweka ya nne: fedha zikipungua, au imani ya mateka ikiwa hatarini, mtawa abaki mwenyewe kifungoni ili mateka aende zake. Anayebeba jina hili anabeba kumbukumbu ya nadhiri hiyo. Kwangu mimi hiyo ni heshima ambayo boneti haiwezi kuifuta.

Neno hilohilo limetawanyika mahali pengi. Kihispania kina usted, neno la kumwita mtu kwa heshima, ambalo ni mkato wa vuestra merced, yaani "fadhili yako", kama watu walivyowaita wakubwa zamani. Kifaransa kina merci, ambalo wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi wanalitumia kila siku wanaposhukuru. Kiingereza kina mercy, na akina Mercy wamejaa Kenya nzima. Mercy wa Nakuru na Mercedes wa Barcelona ni wajina kwa mzizi. Ukitafuta ndugu kwa maana badala ya mzizi, ni Rehema, aliyepitia Kiarabu.

Sikukuu ya jina ni tarehe 24 Septemba. Barcelona humhesabu Bikira wa Merced kuwa msimamizi wa mji tangu 1687, alipoombwa wakati wa baa la nzige, na Papa Pius wa Tisa aliliidhinisha hilo mwaka 1868. Sherehe za mji, ziitwazo La Mercè, huangukia siku hizo. Magereza ya Hispania nayo huiadhimisha tarehe hiyo, maana msimamizi wa wafungwa ni yeye yule aliyekuwa wa mateka. Wamercedari walivuka bahari pamoja na wakoloni, ndiyo maana jina limeenea Peru, Ekuado, Ajentina, Meksiko na visiwa vya Karibiani. Ajentina ina sababu yake ya pekee: jeshi la jemadari wa vita vya uhuru, Manuel Belgrano, lilishinda vita vya Tucumán tarehe 24 Septemba 1812, naye akamkabidhi Bikira wa Mercedes fimbo yake ya ujemadari. Mwimbaji Mercedes Sosa alizaliwa mkoani Tucumán, mwaka 1935. Katika Jamhuri ya Dominika tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa. Kuba, wazao wa watumwa wa Kiyoruba walimlinganisha Bikira huyu na Obatalá, orisha (yaani mungu wa Kiyoruba) wa rangi nyeupe, ndiyo maana waumini wengi huvaa nguo nyeupe siku hiyo. Hapo jina la ukombozi wa mateka limeshikwa na watu ambao mababu zao hakuna aliyewalipia fidia, na sioni mahali pengine ambapo maana yake imekuwa na uzito kama huo.

Kwa Wahispania, Mercedes aliyekaa mioyoni kuliko wote ni malkia. María de las Mercedes wa Orleans aliolewa na mfalme Alfonso wa 12 Januari 1878, ndoa ya mapenzi, jambo adimu kwenye nyumba za kifalme. Alifariki tarehe 26 Juni mwaka huohuo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 18. Watoto waliimba habari zake barabarani kwa vizazi kadhaa, na mwaka 2000 mabaki yake yalihamishiwa kanisa kuu la Almudena, Madrid.

Sasa umaarufu, na hapa wengi hukosea hesabu. Mtu hufungua orodha ya majina yanayoongoza kwa watoto wachanga Hispania, anakuta Lucía, Sofía, Martina, hamwoni Mercedes, anatangaza kuwa jina limekufa. Orodha hiyo inaonyesha waliozaliwa mwaka mmoja tu. Taasisi ya takwimu ya Hispania, INE, hutoa majedwali ya aina nyingine: watu wote walio hai wenye jina fulani, wastani wa umri wao, mgawanyo wao kwa muongo wa kuzaliwa na kwa mkoa. Ukitaka picha ya kweli anza na umri, na utakuta Mercedes wengi ni mama watu wazima na bibi, kizazi kilichozaliwa kati ya miaka ya 1930 na 1960. Baada ya hapo wazazi waliyaacha majina ya sifa za Maria wakapenda mafupi. María mwenyewe hakuachwa. Sifa zake ndizo zilizoachwa.

Kisha jumlisha maumbo yote, maana majedwali huyahesabu mbalimbali: Mercedes, María Mercedes, María de las Mercedes, na ya Kikatalani, lugha ya Katalunya, eneo la Barcelona, Mercè na Maria Mercè. Anayesoma mstari wa Mercedes peke yake anapoteza sehemu kubwa ya wenye jina. Kwa Katalunya kuna kosa zaidi. Chini ya utawala wa dikteta Franco majina yalitakiwa kuandikwa Kikastilia, yaani Kihispania cha kawaida, hivyo mtoto aliyeitwa Mercè nyumbani aliandikwa Mercedes kwenye daftari la serikali. Sheria ya Januari 1977 ndiyo iliyofungua mlango wa majina ya lugha nyingine za Hispania, na waliokwisha kuandikwa wakaweza kubadili. Wapo waliobadili na wapo walioacha. Kwa hiyo Mercedes mwenye umri wa miaka 70 wa Barcelona huenda hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote wa familia yake, na ukilinganisha idadi ya Mercè wa kizazi hicho na ya wajukuu wao unalinganisha sheria mbili, siyo mapenzi ya wazazi.

Marekani hesabu ina tabia nyingine. Mamlaka ya hifadhi ya jamii ya huko ina orodha za majina kuanzia waliozaliwa 1880, lakini jina lililopewa watoto chini ya watano kwa mwaka huachwa, na kila tahajia huhesabiwa kivyake: Mercedes, Mercedez na Mersadies ni majina matatu. Jina lilipanda sana kuelekea miaka ya 1990. Familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini zilichangia, na mtindo wa wakati huo wa kuwapa mabinti majina ya bidhaa za kifahari ulichangia pia, kwani Lexus, jina jingine la gari, nalo lilionekana katika orodha miaka hiyohiyo. Kwa hiyo ukikutana na Mercedes wa Marekani huwezi kujua mara moja kama mzazi alimwaza Bikira au gari. Wa Seville huna haja ya kuuliza.

Matamshi ni rahisi kwetu kuliko kwa Mwingereza, maana sauti zote tunazo. Sehemu kubwa ya Hispania c hapa ni th ya "thelathini", na d ya katikati hulegea ikakaribia dh ya "dhahabu": Mer-the-dhes. Amerika ya Kilatini th hiyo huwa s. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, -ce-. Kosa letu ni kuongeza i mwishoni. Ukisema Mersedesi mkazo unasogea hadi -de-, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mwenye jina hatageuka ukimwita. Mercè hukazwa mwishoni. Katika maandishi, Kihispania hakiweki alama yoyote juu ya herufi za Mercedes, kwa sababu neno linaloishia kwa s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho bila kuhitaji alama. Mercédès yenye alama mbili ni ya Kifaransa, nayo ndiyo aliyoiandika Jellinek.

Majina ya kudekeza hutofautiana kwa nchi, na yanasaidia kujua mtu ametoka wapi. Hispania ni Merche au Merceditas, Meksiko ni Meche, Ajentina ni Mecha. Mzazi wa huku asiyependa mtoto ataniwe kwa habari za magari ana njia nzuri tayari: amwandike Mercedes, amwite Merche.

Akiwa Mkatoliki, paroko hana sababu ya kulikataa. Kanuni ya 855 ya sheria za Kanisa inataka tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo, na hili ni sifa ya Bikira Maria yenye sikukuu yake. Paroko asiyelifahamu aelezwe tarehe 24 Septemba. Kwenye karatasi za serikali ugumu ni tahajia. Karani anayeandika kwa kusikia ataandika Mersedes, Mercedez au Mercedesi, na cheti cha kuzaliwa kikitofautiana na cheti cha ubatizo au cha shule, binti atakuja kuhangaika na hati za kiapo anapoomba kitambulisho au pasipoti. Mpe karani jina likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, usimtajie kwa mdomo tu, kisha lisome herufi kwa herufi kabla cheti hakijachapwa: c moja, e tatu, s mwishoni, hakuna z.